Je, Kuremba Nyumba Kunaongeza Kodi?



Vikundi vingi vimejenga vyumba vya kupangisha pale sokoni. Akiba ikiongezeka kidogo, swali ni lile lile: tutie taili, dari na rangi za kupendeza ili tupandishe kodi? Jibu ni hili: inategemea mpangaji wenu analipia nini.

Tazameni Lamu. Mji wa Kale uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba za mawe zenye zidaka ukutani na milango ya nakshi zimetengenezwa upya, na wageni hulipa vizuri kulala humo. Wanachokilipia ni ule urembo wenyewe. Lakini mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, na tena 2020 wakati wa korona, wageni walipungua. Nakshi zilikuwa pale pale, wa kuzilipia hakuna.

Mpangaji wa sokoni ni mtu wa boda boda, mwalimu, au mama wa mboga. Huyu huuliza: maji yapo? Choo ni cha watu wangapi? Stima ina mita yake? Mlango unafungika vizuri? Rangi ataisifu, lakini akiona chumba cha jirani ni nafuu, atahama.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Mna vyumba 6 vya shilingi 3,000. Mnatumia 180,000 kuviremba, halafu mnaongeza 500 kwa kila chumba. Nyongeza ni 3,000 kwa mwezi. Kurudisha pesa zenu ni miezi 60, yaani miaka 5, na hapo hakuna chumba kilichokaa wazi. Chumba kimoja kikikosa mtu miezi 2 kwa mwaka, mmepoteza 7,000, na nyongeza yake ya miezi 10 ni 5,000 tu. Hiyo ni hasara, si ndiyo?

Kwa hivyo fuateni utaratibu: kwanza paa lisivuje, halafu choo, maji, kufuli na stima. Rangi safi ije mwisho. Inasaidia chumba kupata mtu haraka, na hiyo pia ni faida.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Wapangaji wetu wa mwisho kuhama walihama kwa nini?
2. Vyumba vyetu vilikaa wazi miezi mingapi mwaka uliopita?
3. Tukiwauliza wapangaji leo, watataka tutengeneze nini kwanza?