Pikapu ya Askari: Kibao cha Uzito Kisomwe Kwanza



Mtu apandaye kilima cha Batsinda, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali, hukutana njiani na pikapu za kila namna. Mtaa huo ulipanuka hasa kuanzia mwaka 2008, zilipojengwa nyumba za kuwahamishia wakazi wa Kiyovu ya chini, na tangu hapo nyumba zimezidi kuongezeka. Palipo na ujenzi pana saruji, mchanga, mabati na mbao za kupandishwa mlimani, na palipo na mizigo ya namna hiyo mwenye pikapu hakosi kazi. Si ajabu basi kwamba askari anayekaribia kustaafu, akipiga hesabu ya maisha yatakayofuata baada ya kuvua sare, hufikiria kwanza kununua pikapu.

Mazungumzo yetu ya leo yamhusu askari huyo. Fedha atakazotumia mara nyingi si fedha alizonazo mkononi. Ni mkopo, na mkopaji wa jeshini au polisi kwa kawaida huelekea Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya majeshi ya Rwanda. Deni hukatwa katika mshahara mwezi hata mwezi. Gari likichaguliwa vibaya, deni halitapungua kwa sababu hiyo; litaendelea kukatwa hata siku ambazo gari limelala gereji.

Kosa linalotendeka mara nyingi haliko katika kuchagua aina ya gari. Askari wengi wanazijua aina zilizo imara kwa kuwa wamezitumia kazini. Kosa huingia pale muuzaji anapofungua kitabu chake cha picha na kuuliza: je, ndugu, wataka daraja gani? Maana pikapu ya jina moja huuzwa kwa madaraja matatu, manne au zaidi. Chesisi ni ile ile na injini mara nyingi ni ile ile, lakini daraja la chini lina rimu za chuma na viti vya kitambaa, na daraja la juu lina viti vya ngozi, rimu kubwa zinazong'aa, kioo cha picha kwenye dashibodi, vyuma vya urembo juu ya bodi, na bei iliyopanda kwa mamilioni ya faranga. Hali hii haikuwako tangu mwanzo. Toyota Hilux ilipoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968, ilikuwa gari la kazi, yenye kabini moja na bodi ya kubebea mizigo. Mapambo yalifuata baadaye, pale watu wa mijini katika nchi tajiri walipoanza kuendesha pikapu kama gari la familia. Mapambo hayo yalibuniwa kwa ajili ya barabara zao, na mafundi wa kuyatengeneza wako kwao.

Thamani ya gari lisilo na mapambo wanajeshi wanaifahamu kuliko raia. Mwaka 1987, kaskazini mwa Chad, majeshi ya nchi hiyo yaliyapiga majeshi ya Libya yaliyokuwa na vifaru na ndege. Wachad walipanda pikapu za Toyota zilizofungwa silaha za kuvunja vifaru. Waliteka Fada mwezi Januari, na mwezi Machi wakateka kituo kikubwa cha Ouadi Doum. Waandishi wa habari wakaviita vita hivyo Vita vya Toyota. Ushindi ule ulikuwa na sababu nyingi, ukiwamo ujuzi wa wapiganaji na msaada kutoka nje. Lakini magari yenyewe yalikuwa mepesi, yalikwenda mbio mchangani, na yaliweza kutengenezwa jangwani bila mitambo ya pekee.

Turudi Batsinda. Kila pikapu mpya ina kibao kidogo, aghalabu karibu na mlango wa dereva, kinachoonyesha uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufikia likiwa limejaa. Ukiondoa katika hesabu hiyo uzito wa gari tupu, unapata uzito unaoweza kubebwa. Kinachosahauliwa ni kwamba uzito huo wa kubeba si wa mzigo peke yake. Dereva yumo na abiria wamo. Bampa ya chuma uliyoongeza imo pia, na kifuniko cha bodi vile vile. Na kwa kuwa chesisi ni ile ile, kila pambo la daraja la juu huongeza uzito wa gari tupu na kupunguza uzito wa kubeba. Kwa maneno mengine, mnunuzi hulipa fedha zaidi ili abebe mzigo mdogo zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuchukue pikapu ya kabini mbili inayoweza kubeba kilo 900. Ndani waketi watu wazima 5 wa kilo 75 kila mmoja. Hao ni kilo 375. Bampa ya chuma na kifuniko cha bodi, tuseme vyote pamoja ni kilo 130. Kinachobaki ni kilo 395, yaani mifuko 7 ya saruji ya kilo 50, na ziada kidogo. Sasa tuchukue ya kabini moja, ya daraja la chini, inayoweza kubeba kilo 1,100. Ndani wamo dereva na msaidizi wake, kilo 150. Zinabaki kilo 950: mifuko 19. Mwenye pikapu ya kwanza atapanda kilima mara tatu kwa kazi ambayo mwenzake ameifanya kwa safari moja, na dizeli ya safari hizo itatoka mfukoni mwake.

Mchanga una hila yake. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa kilo 1,600 au zaidi, na ukilowa mvua huzidi. Bodi ya kabini moja, yenye urefu wa mita 2.3 hivi, ikijazwa mchanga hadi ukingoni huwa imebeba zaidi ya mara mbili ya kiwango chake. Macho huona bodi iliyojaa vizuri, lakini springi na breki zinajua vingine.

Tena kuna suala la mahali mzigo unapokaa. Kabini mbili huchukua nafasi ya bodi, hivyo bodi hubaki fupi, ya mita moja na nusu hivi, na sehemu kubwa ya mzigo huangukia juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake. Gari likipanda mlima, pua huinuka, magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito, na usukani huwa mwepesi pale ambapo dereva anauhitaji zaidi. Mzigo ukizidi kwenye barabara ya mashimo, chesisi yenyewe yaweza kupinda nyuma ya kabini. Kwa hiyo anayetaka pikapu ya kumlipia deni kwa kubeba mizigo, kabini moja ndiyo yake. Anayetaka kupeleka watoto shuleni na kubeba magunia mawili ya viazi mwisho wa juma, achukue kabini mbili bila kuona haya, ila asijidanganye kwamba amenunua lori dogo.

Kuhusu injini, Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 na zaidi, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Nguvu zinazotajwa kitabuni hupungua basi kwa asilimia 15 hivi kabla mzigo haujapakiwa. Turbo husukuma hewa ndani ya injini na kurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa milima ya Rwanda, turbo si anasa. Ni kweli kwamba injini kongwe zisizo na turbo, kama zile zilizofungwa kwa miaka mingi katika Land Cruiser za muundo uliotoka mwaka 1984, zimejipatia sifa ya kudumu. Lakini hizo huenda polepole mlimani, na bei ya gari lenyewe haimfai mkopaji wa kawaida.

Injini mpya za dizeli zina masharti yao. Pampu yake hupeleka mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu membamba sana, na tone la maji au vumbi katika mafuta laweza kuziharibu. Chujio linalotenga maji na mafuta ni kifaa cha kukidai, na kubadilishwa kwake kusicheleweshwe. Baadhi ya injini zina chujio jingine katika bomba la moshi, linalonasa masizi na kuyachoma linapopata moto wa kutosha. Chujio hilo huhitaji dizeli yenye salfa kidogo, na kwa bahati njema nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli ya namna hiyo tangu mwaka 2015. Lakini huhitaji pia safari ndefu. Pikapu inayozunguka kutwa kati ya Batsinda, Kagugu na Kinyinya, safari za dakika kumi kumi, haipati moto huo. Chujio huziba, taa huwaka kwenye dashibodi, na bili ya gereji huwa nzito. Muuzaji aulizwe waziwazi kama gari lina chujio hilo, na kama kampuni huuza injini nyingine isiyo nalo.

Magurudumu manne yanayovuta yafaa katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena mwishoni mwa mwaka, udongo mwekundu unapogeuka utelezi. Gia ndogo na loki ya difu ya nyuma ni vifaa vya kulipia kabla ya kioo cha picha. Ila mfumo wa kawaida wa pikapu usitumiwe kwenye lami kavu, kwa maana ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka sawasawa hata kwenye kona, na meno ya gia huumia. Gia za mkono au za kujibadilisha zenyewe? Zote hufanya kazi, lakini klachi yaweza kubadilishwa na fundi wa kawaida, na gia za kujibadilisha humtaka fundi wa pekee na vipuri vya bei.

Hatusemi kwamba daraja la chini ndilo bora siku zote. Katika aina nyingine, daraja la chini kabisa hukosa breki zinazozuia magurudumu kufunga, hukosa mtambo wa kuzuia gari lisiteleze kona, au lina mifuko ya hewa michache. Askari wa usalama barabarani waliosimamia kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyoanzishwa na Polisi ya Taifa ya Rwanda mwaka 2019, wanajua barabara zenye mteremko zinavyoua. Ikiwa vifaa hivyo vinapatikana katika daraja la pili tu, daraja la pili na lichukuliwe, hata kama litakuja na redio ambayo hakuna aliyeiomba. Hii ndiyo sababu moja ya kupanda daraja. Kutaka gari lifanane na la afande si sababu, ingawa tunafahamu kwamba wako wanaoiona kuwa sababu kubwa.

Rimu kubwa zina hasara isiyoonekana dukani. Tairi lake huwa na ukuta mfupi, hupasuka upesi kwenye jiwe, na bei yake hupita ile ya tairi la rimu ndogo ambalo hupatikana hata katika miji midogo. Na wanaovutiwa na bei za pikapu zilizotumika, zinazoingia kwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam, wakumbuke kwamba Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto, na Rwanda huendesha kulia. Pikapu yenye usukani kulia humnyima dereva kuona mbele anapotaka kulipita lori mlimani. Masharti ya kuliandikisha gari la namna hiyo yaulizwe kabla ya senti moja kutumwa.

Siku ya kupokea gari, kibao cha uzito kilinganishwe na hati ya mauzo, kwani madaraja hutofautiana kwa kilo nyingi na makosa ya karani hutokea. Tairi la akiba lishushwe litazamwe kama lina ukubwa sawa na mengine manne. Jeki na spana ya magurudumu vitafutwe mahali pake, na kimojawapo kikikosekana, upungufu huo uandikwe katika hati ya makabidhiano kabla ya kutia sahihi.