Halmashauri Ikikabidhi Kazi, Nani Analinda Haki ya Mzee?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, awe Karema au Mpanda mjini, mkoani Katavi. Lakini huduma nyingi za umma sasa hazitolewi na serikali yenyewe. Hospitali ya taasisi ya dini hutibu kwa mkataba na halmashauri, ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hupitia simu na mawakala, na maji vijijini huendeshwa na vyombo vya jamii chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Mzee akinyimwa haki yake huko, ni nani wa kuwajibika?

Uingereza ililikabili swali hilo mwaka 2007. Bibi wa miaka 84, mgonjwa wa Alzheimer, alitakiwa kuondoka katika nyumba binafsi ya kutunzia wazee, ingawa halmashauri ya Birmingham ndiyo iliyomweka pale. Majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mmiliki hakubanwa na Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria ya kuziba pengo hilo.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee. Wajibu huo hauishi kwa kusaini mkataba. Anayelipa kwa fedha za umma lazima aendelee kusimamia.

Basi mkataba useme wazi: mzee anayestahili msamaha wa malipo asidaiwe fedha, ahudumiwe kwanza, na mtoa huduma akikiuka achukuliwe hatua. Mahali panapotakiwa alama za vidole ili kulipwa ruzuku, pawe na njia nyingine ya kumtambua, kwa kuwa vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka mingi wakati mwingine havisomeki. Kosa la mashine lisimnyime mzee fedha yake.

Aliyekwama aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri au baraza la wazee la eneo lake. Haki ikiendelea kuvunjwa, alalamike kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Nao madiwani wa halmashauri za Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika waulize kila mkataba unapohuishwa: kipengele cha wazee kiko wapi?