Mbwa Mgeni Nyumbani: Mchangamfu Si Kichaa

Si kila mbwa huingia nyumbani akiwa mtoto wa kubebwa mkononi. Wengi katika vijiji vyetu huja wakiwa wakubwa. Mtumishi amehamishwa kikazi, anamwacha mbwa wake kwa jirani. Mzee amefariki, mbwa wake anachukuliwa na mkwewe wa kijiji cha pili. Mwingine ni mbwa koko tu. Amewafuata wachungaji kutoka mnadani, akatupiwa tonge la ugali, akabaki. Katika miji mikubwa kama Nairobi zimo hata nyumba za kutunzia wanyama waliotupwa, na mtu anayetaka mbwa huenda pale akachagua mmoja akaondoka naye. Mbwa wa namna hii, awe wa mjini au wa kijijini, amekwisha kuishi mahali pengine, na sisi hatukuwapo.

Mara nyingi mbwa anayetolewa hivyo ni kijana, kati ya miezi 6 na miaka 2. Mwili wake ni wa mbwa mzima, lakini akili bado ni ya kitoto. Ana nguvu nyingi. Anarukia watu, anakimbiza kuku, anatafuna ndara, anachimba mashimo kwenye bustani ya mchicha, anabweka usiku kucha. Baada ya wiki mbili utasikia watu wa nyumbani wakisema, "Huyu mbwa ni kichaa."

Hapo ndipo tunapotaka kuzungumza leo. Neno hilo tunalitumia kwa mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni mbwa mwenye nguvu ambaye hajafundishwa. La pili ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, karibu hakuna anayepona. Kwa kuyachanganya mambo haya mawili tunawaua mbwa wazima kwa marungu, na tunamwacha mgonjwa wa kweli alale uani pamoja na watoto.

MGONJWA YUKOJE?

Mbwa mwenye ugonjwa hubadilika. Hilo ndilo neno la kushika. Aliyekuwa mpole huanza kuuma bila kuchokozwa, na huuma hata mti na jiwe. Aliyekuwa mkali huweza kuwa mpole kupita kiasi, akajificha gizani. Sauti yake hubadilika, ikawa kama ya mbwa mwingine. Koo hulegea, hawezi kumeza, na ndiyo maana mate hutiririka. Miguu ya nyuma hulegea, akayumba kama mlevi. Tangu dalili zionekane, kwa kawaida hazipiti siku 10 kabla hajafa.

Watu wengi wanamngojea mbwa mkali mwenye povu mdomoni. Hawamshuku yule aliyelala kimya chini ya ghala, taya limening'inia. Wanadhani amekwama mfupa. Wanamwingiza mkono kinywani ili wautoe! Ndugu zetu, usimguse mbwa wa namna hiyo. Waondoe watoto, kisha mwite afisa mifugo.

Sasa mtazame yule mchangamfu. Anakula vizuri, anakunywa maji, anatingisha mkia ukimwita. Jana aliiba ndara, leo ameiba ndara, na kesho ataiba. Hajabadilika hata kidogo. Huyo si mgonjwa. Huyo hana kazi.

Lakini kwa mbwa mgeni upo ugumu mmoja. Wewe hujui jana alikuwaje. Kwa hiyo muulize anayekupa, tena umuulize kabla hujashika kamba. Je, mbwa amechanjwa? Kadi ya chanjo iko wapi? Mara ya mwisho alichanjwa lini? Je, katika miezi ya karibuni amepigana na mbwa asiyejulikana, au ameumwa na mnyama wa porini kama mbweha? Virusi vya ugonjwa huu huweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, bila dalili yoyote. Ukisikia kwamba aliumwa na mbwa aliyeshukiwa, usimchukue. Mpelekee afisa mifugo habari hiyo, yeye ndiye aamue.

Kama hakuna kadi, mhesabu kuwa hajachanjwa. Mpeleke akachanjwe wiki ile ile. Kinga ya chanjo ya kwanza huhitaji kama mwezi mmoja kukomaa, basi katika mwezi huo asizurure na mbwa wengine, na watoto wasichezee mdomo wake. Baada ya hapo rudi kwa tarehe atakayokuandikia afisa mifugo. Unajua kusoma sasa, kadi hiyo itunze mwenyewe pamoja na karatasi zako nyingine.

"MWALIMU, ANA SHETANI"

Katika ziara zetu za kutembelea madarasa, mzee mmoja alitupeleka nyuma ya nyumba yake. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye mpapai kwa kamba fupi ya katani. Alikuwa akizunguka na kuruka, shingo imechubuka, na pale chini majani yote yamekwisha, umebaki udongo mtupu.

"Mwalimu, huyu ana shetani," mzee akasema.

"Mzee wetu, amefungwa tangu lini?"

"Tangu alipokuja. Wiki ya tatu hii."

"Na anafunguliwa saa ngapi?"

Mzee akacheka. "Nikimfungua si atanimalizia kuku?"

Wengi wetu tunafanya hivyo hivyo. Mbwa ana nguvu, tunamfunga. Nguvu haina pa kwenda, inazidi. Inapozidi tunafupisha kamba. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa kila siku huwa na hasira, na siku kamba inapokatika huwa hatari kwa yeyote aliye karibu. Mtu mwenyewe hebu jaribu kukaa umefungwa kwenye mpapai wiki tatu!

Dawa yake ni kazi na mwendo. Alfajiri unapokwenda shambani, nenda naye ukiwa umeshika kamba. Jioni nenda naye kisimani au kwenye malisho. Saa moja asubuhi na saa moja jioni si mwendo mwingi kwa mbwa kijana. Mbwa aliyetembea hulala mchana. Ukiwa nyumbani mfunge kwa kamba ndefu penye kivuli, maji yawe karibu, na kamba isiweze kuzungukia mti ikamnyonga. Shingoni mvishe ukanda mpana. Usimfunge waya.

Siku tatu nne za kwanza atakuwa hajui lolote. Huenda asile, huenda akalia usiku. Huyu ametoka kwa watu wake, hajui kama wewe ni mwema au mbaya. Mlishe mtu yule yule, saa zile zile, mahali pale pale. Mpe jina fupi na wote nyumbani mlitumie hilo hilo. Tumeona nyumba moja baba anamwita mbwa Simba, watoto wanamwita Popi, na mama anamwita "wewe mwizi". Mbwa huyo aitike lipi?

Kumfundisha hakuhitaji fimbo. Mwite jina. Akija, palepale mpe kipande cha dagaa au tonge la ugali. Palepale, si baada ya kufunga mlango na kusalimiana na wageni. Mbwa huunganisha jambo na kile kinachofuata mara moja tu. Kwa sababu hiyo hiyo, kumpiga jioni kwa kuku aliyemuua asubuhi ni kazi bure. Anachojifunza ni kwamba wewe ukija jioni unapiga, na kesho hatakuja ukimwita.

Akikurukia, geuka umpe mgongo, nyamaza. Akitua miguu yote minne chini, msalimu. Watu wengi humsukuma huku wakipiga kelele, naye anaona kuwa mchezo umenoga.

Na kuku? Hapo pana kazi, tusidanganyane. Mpitishe mbali na kuku akiwa kwenye kamba. Akiwatazama kisha akakugeukia, mpe chakula. Kesho sogea hatua chache. Fanya hivyo kila siku, dakika chache tu, akiwa amekwisha kutembea na kuchoka. Wako wanaomfunga mbwa kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze. Hilo linampa mbwa vidonda na linawapa watu wa nyumbani harufu, basi. Mbwa wengine huwazoea kuku baada ya mwezi au miwili. Wachache hawazoei kabisa, na hao usiwaache uani na vifaranga hata siku moja.

Iko desturi nyingine ya kumlisha mbwa pilipili, au kumchokoza kwa fimbo, ati awe mkali kwa wezi. Mbwa hajui mwizi ni nani. Atakuwa mkali kwa shangazi aliyekuja kusalimia na kwa mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Mbwa anayewajua watu wake na kulala uani hubweka akisikia mgeni, na mwizi anachokiogopa ni kule kubweka.

Kuhusu chakula hatutasema mengi: ugali wa dona, dagaa, vichwa vya samaki, makombo ya mboga yasiyo na pilipili. Ila mnapochinja mbuzi au kondoo, msimtupie mbwa maini na mapafu mabichi, hasa yenye malengelenge ya maji. Humo mna minyoo ambayo hukua tumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka kwa kinyesi, yakaingia kwa watu kupitia mikono michafu na mboga zisizooshwa. Chimba shimo uyafukie. Kama majirani zako ni Waislamu, waheshimu pia: mate ya mbwa kwao ni najisi. Mbwa awe na chombo chake, asiguse ndoo za kisimani wala nguo zilizoanikwa.

MBWA NA WATOTO

Duniani kote karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa huwa wameumwa na mbwa, na watoto ni wengi kati yao. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa. Tena mtoto akiumwa huweza kuficha, hasa kama alikatazwa kwenda mahali fulani. Mwambieni kwamba akisema hatapigwa.

Wafundisheni watoto kutomsogelea mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto wake. Wasimkumbatie mbwa mgeni. Mbwa akikaza mwili, akageuza kichwa huku akikutazama kwa pembe ya jicho, akainua mdomo na kuonyesha meno, anasema "niache". Wala usimpige kwa kunguruma. Ukimzoeza asingurume, siku nyingine atauma bila kuonya.

AKIUMA

Kama mbwa yeyote amemuuma mtu na ngozi ikachubuka, au mate yake yameingia kwenye kidonda au jichoni, usingoje kuona. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, mtu mmoja amwagie maji kwa jagi na mwingine aoshe. Sabuni huviua virusi hivyo. Kama ni jichoni, tumia maji safi tu. Usipake majivu, wala mafuta ya taa, wala manyoya ya mbwa aliyeuma.

Siku hiyo hiyo nenda kwenye zahanati au kituo cha afya. Wakikuambia dawa hawana, usirudi nyumbani. Uliza hospitali gani inayo, uendelee na safari. Sindano ni kadhaa, kwa tarehe zilizopangwa. Usiache baada ya ile ya kwanza kwa sababu kidonda kimepona, kwani kidonda siyo kinachotibiwa. Chanjo hii si ya kubahatisha. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto hakuugua. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sehemu nyingi huwa na chanjo ya mbwa karibu na siku hiyo, kwa hiyo sikilizeni matangazo ya kijiji.

Naye mbwa aliyeuma asiuawe kwa haraka kama anaweza kufungwa salama bila kumhatarisha mtu. Afisa mifugo atamtazama kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari atajua kwamba siku ile mate yake hayakuwa na ugonjwa. Mgonjwa asisubiri siku hizo 10. Aanze sindano, daktari ndiye atakayesema kama ziachwe.

Mwisho, kama mbwa wako mgeni ni jike, atapata joto karibu kila baada ya miezi 6, na mimba yake huchukua kama siku 63. Kama afisa mifugo wa kwenu anaweza kumfunga uzazi, ni vizuri. Kama sivyo, anza kuwatafutia watoto wake makao mapema. Usiwatupe sokoni wala njia panda, maana hao ndio watakaokuwa mbwa koko wa mwaka ujao. Wakae na mama yao mpaka wiki 8. Chanjo ikija kijijini, wapeleke wote. Na anayekuja kumchukua mmoja mpe habari zake zote kabla hajashika kamba, pamoja na kadi.