Kisu cha mfukoni: nunua cha kazi, usikigeuze silaha

Mpwa wangu ni fundi wa maboti, na siku ambazo hakuna kazi huenda baharini kuvua. Mwaka jana, yapata saa tatu za usiku, alikuwa akitoka pwani kurudi nyumbani akakutana na askari wa doria. Wakampekua. Mfukoni mlikuwamo kisu cha kukunja alichokinunua kwa mchuuzi wa kando ya barabara kwa shilingi 300. Kisu chenyewe hakikuwa na neno. Neno lilikuwa kile alichokifanyia. Alikuwa amelegeza skrubu ili kifunguke kwa mtikiso mmoja wa mkono, kisha akanoa mgongo wa bapa karibu na ncha, kikawa kinakata huku na huku. Alipoulizwa ni cha nini, akajibu, "Cha kujilinda."

Asubuhi nikaitwa kituoni. "Mjomba, wallahi mimi hukatia mshipi tu," akaniambia. Nikamuuliza mbona jana hakusema hivyo. Akainama.

Aliachiliwa baada ya mwenye boti kuja kueleza kazi yake. Kisu hakikurudi, na sikukidai. Tangu hapo vijana wa mtaani wamekuwa wakiniuliza barazani: je, ni makosa kutembea na kisu? Kipi cha kununua? Na kukitengeneza je?

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo maneno ya vijiweni yanapopotosha watu. Utasikia mtu akisema kisu kisichozidi inchi 3 ni ruhusa. Hiyo ni sheria ya Uingereza. Kule, kwa sheria ya mwaka 1988, mtu anaweza kutembea na kisu cha kukunja kisichojifunga kikifunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3, bila kuulizwa sababu. Jamaa zetu walioko huko wameizoea, wakija likizo huisema kama kwamba ni ya dunia nzima. Hapa kwetu kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu hakitaji inchi wala sentimita. Kinataja silaha ya hatari na mazingira yanayoonyesha kwamba aliyekutwa nayo alikusudia uhalifu mkubwa. Kifungo chake si chini ya miaka 7 wala si zaidi ya 15. Kwa hivyo kisu kile kile kinaweza kuwa kifaa saa nne asubuhi ndani ya mkoba wa fundi, na kikawa mashtaka saa sita usiku kwenye kiuno cha mtu aliyesimama kichochoroni.

Kuna na Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo inakataza silaha kwenye mikutano ya hadhara na maandamano. Maelezo yake ya silaha yanafaa kusomwa polepole: ni kitu chochote kilichotengenezwa au kugeuzwa ili kimdhuru mtu, au ambacho mwenye nacho amekusudia kukitumia hivyo. Hilo neno "kugeuzwa" ndilo linalomhusu mpwa wangu na tupa yake. Na hilo la "kukusudia" linahusu jibu lake. Ukisema kisu ni cha kujilinda, umekwisha kusema kwamba umekibeba kwa ajili ya mwili wa mtu. Nyakati hizi ambapo vijana wa mapanga wamewatesa watu Kisauni na Likoni, usitarajie askari akusikilize zaidi ya hapo.

Haya, sasa ununuzi. Kisu cha bei nafuu si lazima kiwe kibovu, ila ukijaribu kabla ya kutoa pesa. Kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mwingine, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza kwenye msumari wake, kirudishe. Kikunje, ukitikise ncha ikitazama chini: kikifunguka chenyewe, kitakuja kukukata paja. Kama kina kifungio, yaani ule utepe wa chuma ndani ya mpini unaoingia nyuma ya bapa, kifungue kisha ugonge mgongo wa bapa kidogo kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kifungio kikiachia, hicho ni cha kuonyeshea watu, si cha kazi. Kuna vile vya zamani visivyo na kifungio, vinavyoshikwa na springi ya mgongo tu. Kwa kumenya embe na kufungua maboksi vinatosha, na mimi navipenda kwa kuwa havimtishi mtu.

Kwa watu wa pwani adui wa kwanza ni chumvi. Chuma cha kaboni kinanoleka vizuri mno, lakini ukikisahau usiku mmoja na maji ya bahari, asubuhi kimeshika kutu. Chuma kisichoshika kutu, hata kile laini cha bei ya chini, ndicho kinachotufaa. Kitapoteza makali upesi, ndiyo, lakini kinoo cha nyumbani kitayarudisha kwa dakika chache.

Mfano wa kisu cha watu wa kawaida ni Opinel ya Ufaransa. Ilianza mwaka 1890 kule Savoie, mpini wa mti, bapa moja, na tangu 1955 ina pete ya kuzungusha inayolishika bapa lisijikunje. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo maarufu. Ipo ya kaboni na ipo ya kisichoshika kutu. Ukibahatika kuletewa, chukua ya pili. Ila ule mpini wa mti ukinywa maji huvimba, bapa likakataa kutoka. Dawa yake wanaijua Wafaransa wenyewe: unagonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, bapa linachomoza. Ya kudumu zaidi ni kupitisha msasa mwembamba ndani ya ule mfereji, kisha kuunywesha mti mafuta ya linsidi wanayotumia maseremala.

Okapi nayo wazee wanaijua kwa mlio wake wa kwaruza inapofunguliwa. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yake ya Afrika, na baadaye uundaji ukahamia Afrika Kusini. Ni kisu kizuri cha kazi, lakini wahuni wa Afrika Kusini na Jamaika wamekichafulia jina. Mimi singempa kijana wa miaka ishirini atembee nacho usiku.

Tukija kwenye kukitengeneza, kipimo changu ni kimoja: badiliko likikifanya kisu kifae zaidi kwa kazi, fanya. Likikifanya kiwe cha haraka zaidi au cha kuogopesha zaidi, acha. Kulegeza skrubu, kunoa pande mbili, kuweka kindoano cha kukifungulia mfukoni, kukipaka rangi nyeusi, hayo hayakati kamba hata moja vizuri zaidi.

Badiliko ninalolipendekeza ni kuondoa ncha. Mabaharia wa Ulaya wa zamani walikuwa na visu vya namna hiyo, maana kisu kikianguka kutoka juu ya mlingoti hakikumchoma aliye chini. Ndani ya boti linaloyumba, au kwa mtu anayekata kamba ya mzigo huku gari linatikisika, sababu ni hiyo hiyo. Funga bapa kwenye jiliwa, makali yakiwa yamezungushiwa kitambaa. Chora kwa kalamu mstari wa mviringo unaoshuka kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kisha upunguze kwa tupa kufuata mstari huo. Usikimbilie mashine ya kusaga. Ukitumia mashine, chovya bapa kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwenda, na hapo hutanoa kitu kikakaa. Malizia na msasa. Kukata kamba, kumenya embe, kufungua magunia, kuchuna nyaya, yote yanafanyika bila ncha. Utakachokosa ni kutoboa, na kwa kutoboa kuna msumari.

Kunoa, watu wengi hukosea pembe. Simamisha kisu wima juu ya kinoo, kilaze nusu, kisha nusu tena. Hapo umefika kama digrii 22, panatosha. Upande huu na ule sawasawa, bila kukandamiza. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye msumari. Mafuta ya nazi tuyaache jikoni, yakikaa huganda na kunuka.

Mpini ukiwa na tundu, tia kamba ya rangi kali, ya chungwa au ya manjano. Mvuvi atakiona kikidondoka, na askari ataona kifaa. Kiweke ndani ya mkoba pamoja na koleo na bisbisi zako, kikiwa kimekunjwa, wala si kiunoni. Ukienda kupanda treni pale Miritini, au ndege, kiache nyumbani. Mizigo inapita kwenye mashine na hutapewa nafasi ya kueleza. Kwenye mkutano wa siasa usikipeleke kabisa. Na ukisimamishwa, mwambie askari mapema kwamba unacho, kiko wapi na unakifanyia kazi gani, mikono ikionekana. Usikitoe wewe.

Mpwa wangu amepata kingine, cha springi, mpini mwekundu. Ncha tuliiondoa pamoja Ijumaa moja jioni uani kwa mamake. Alinung'unika kwamba sasa hakina sura. Juzi nimemkuta Mama Ngina amekaa ukutani anawamenyea wenzake embe kwa kisu hicho, watu wanapita, na hakuna aliyegeuka kumtazama.