GILASI MOJA BAADA YA KILA SWALA



Darasani baada ya Alasiri huwaona wanafunzi wanaosinzia au kulalamika kuumwa na kichwa. Nikiwauliza walikunywa maji lini, wengi hujibu: "Asubuhi, ustadhi, na chai." Wengine, hasa wasichana, hujinyima maji makusudi kwa kuogopa vyoo vichafu. Hili si jambo dogo, kwani mwili ni amana.

Mtoto wa miaka 9 hadi 13 huhitaji karibu lita 2 kwa siku, pamoja na yaliyomo katika chakula, chai na matunda. Siku za joto huhitaji zaidi. Mkojo ukiwa wa njano iliyokoza, fahamu kuwa maji yamepungua mwilini. Usingoje kiu.

Njia nyepesi ya kujizoesha ni kufungamanisha maji na swala tano. Kunywa gilasi moja baada ya kila swala. Gilasi 5 za mililita 250 ni lita moja na robo. Mengine utayapata katika chakula na vinywaji. Fuata adabu aliyotufundisha Mtume (S.A.W.): keti, sema Bismillahi, tumia mkono wa kulia, kunywa kwa pumzi tatu bila kupumulia chomboni, kisha mshukuru Allah. Ramadhani, zigawe gilasi hizo kati ya futari na daku.

Wazazi, mpeni mtoto chupa ya maji yaliyochemshwa, na tushirikiane kuweka vyoo safi. Allah atujaalie afya. Amin.