Kweli au Si Kweli: Kijana wa Nyeri na Kitabu Chake

Likizo ya Agosti iliyopita mpwa wangu alikuja Othaya kukaa na shosho yake. Ana miaka 15. Kwenye begi alikuwa na kitabu kimoja tu kisicho cha shule, riwaya ya mitumba niliyomnunulia Karatina kwa shilingi 70. Jalada halikuwepo, na kurasa 12 za kwanza zilikuwa zimeng'oka. Alikuwa amekivika karatasi ya gazeti, na penye pengo amegandisha kurasa za daftari zilizojaa mwandiko wake mdogo ulioinamia upande wa kulia. Mwanzo ulikuwa umepotea, basi akauandika mwenyewe.

"Anti, ningeanzaje ukurasa wa 13?" aliniambia. "Ni kama kuingia kwa watu bila kupiga hodi."

Ilikuwa ile baridi yetu ya Agosti, ukungu umelalia majani chai hadi saa tano, naye amejikunyata kando ya jiko. Jirani akaja kuchukua maziwa, akaegemea mlango, na mazungumzo yakazunguka hadi yakafika kwa watoto. "Shida ya hawa vijana wa siku hizi ni kwamba hawasomi," akasema. Msichana alikuwa hatua tatu kutoka kwake, ameinamia ukurasa. Hakuinua hata kichwa.

Maneno ya aina hiyo nimeyasikia kutoka Nyeri hadi Embu na Nanyuki, ndani ya matatu, kwenye mikutano ya wazazi, nje ya kanisa Jumapili. Yamesemwa mara nyingi mno hata yakaanza kuaminiwa bila kuchunguzwa.

"Vijana wa siku hizi hawasomi." Si kweli.

Jirani yetu si kipofu. Aliona msichana, akaona na kitabu. Ila hakuona kusoma, kwa sababu neno lenyewe tumelibebesha mizigo miwili. Kusoma ni kupitisha macho kwenye maandishi ukaelewa, na kusoma ni kwenda shule ukapata cheti. Ukisema fulani "amesoma", hakuna atakayekuuliza ni kitabu gani. Utaulizwa ni chuo kipi. Kikuyu kililichukua neno hili kutoka Kiswahili, kikalifanya gũthoma, na mizigo yake yote miwili ikaja nalo. Wale waongofu wa kwanza wa misheni, waliojenga maisha mapya kati ya shule na kanisa, waliitwa athomi, yaani wasomaji. Mpaka leo hesabu yetu ni ile ile. Anayesoma Biolojia anasoma. Anayesoma hadithi anapoteza wakati.

Darasani kwa mpwa wangu kuna maktaba isiyo na chumba. Ni daftari la kurasa 96 lililopigwa mistari kwa rula: jina la mwazimaji, kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Vitabu vyenyewe hukaa ndani ya masanduku ya chuma, chini ya nguo. Anayechelewesha hulipa andazi la saa nne. Nilipolifungua lile daftari nilikuta kitabu kimoja kimeazimwa mpaka nafasi yake ikajaa, majina yakaendelea pembeni, yakageuka na kupanda juu ya ukurasa. Hakuna mwalimu aliyeagiza kazi hiyo, na hakuna atakayeitia alama. Anayetaka kujua kama vijana wa huku kwetu husoma na aombe kuonyeshwa madaftari kama hilo, kwa upole, kwa kuwa huwa yamefichwa.

"Storibuku zitamharibia alama." Si kweli, na neno hili limewaumiza wengi.

Nami liliniuma. Nikiwa Kidato cha Tatu, mwalimu alininyang'anya riwaya wakati wa prepu, akaifungia kabatini. Nilikuwa nimebakisha kurasa zisizozidi 20. Sikuiona tena, na sijawahi kujua shamba la kwenye riwaya ile liliishia mikononi mwa nani.

Ushahidi unasema vingine. Uingereza kuna watu waliozaliwa katika wiki moja ya mwaka 1970 ambao watafiti wamewafuata tangu utotoni. Mwaka 2013 Alice Sullivan na Matt Brown, wa Taasisi ya Elimu jijini London, walichambua maendeleo ya watoto kama 6,000 kati yao, kuanzia umri wa miaka 10 hadi 16. Waliokuwa wakisoma vitabu kwa hiari yao walipiga hatua kubwa zaidi katika msamiati na tahajia, na jambo ambalo wengi hawakulitarajia, hata katika hisabati. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia elimu ya wazazi na alama ambazo mtoto alikuwa akipata awali. Mimi sishangai. Swali la hisabati nalo huandikwa kwa maneno, na aliyezoea kufuata sentensi ndefu hadi nukta yake hatishwi na swali la mistari minne.

Kwetu ugonjwa ninaouona ni kinyume cha ule wanaouogopa wazazi. Mwanafunzi anaingia kwenye mtihani wa fasihi, Bembea ya Maisha ya Timothy Arege au Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, akiwa amekariri mwongozo tu. Anajua dhamira, anajua maudhui, anajua sifa tano za mhusika. Hajawahi kukutana na mhusika mwenyewe. Huyo ndiye wa kuhurumiwa, si yule aliyekesha na riwaya.

"Kusomea raha ni mambo ya Wazungu." Si kweli, na ushahidi uko Karatina.

Watu hupita Karatina wakiwaza viazi, kabeji na soko lake kubwa. Mimi nikishuka pale namwaza Gakaara wa Wanjaũ.

Alizaliwa mwaka 1921, mtoto wa mchungaji wa Presbiteri, akakulia upande wa Tumutumu ambako misheni ya Waskoti ilikuwa imepanda shule na kanisa. Alifika shule ya Alliance, na mwaka 1940 akafukuzwa pamoja na wenzake baada ya mgomo wa wanafunzi. Akaingia jeshini. Vita vilipokwisha akaanza kuandika na kuchapisha vijitabu vyembamba kwa Kikuyu. Baadhi vilikuwa vya siasa na nyimbo, lakini vingine vilikuwa vya mapenzi, uchumba na ndoa, vya kusomwa na mtu aliyeketi zake baada ya kazi. Hapakuwa na mtihani wowote uliovihitaji. Watu walivinunua kwa sababu walivipenda.

Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, naye alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Serikali ilijua vizuri kabisa kwamba kijitabu cha bei rahisi ni kitu cha kuogopwa. Huko kizuizini, kambi hadi kambi kwa miaka mingi, aliendelea kuandika, akaweka na shajara. Alipoachiliwa alirudi Karatina akaendesha matbaa yake, akachapisha jarida lake la Gĩkũyũ na Mũmbi, na humo akaendelea na visa vya Wa-Nduuta, mzee wa vituko ambaye shosho wetu akimtaja huanza kucheka kabla hajafika kwenye kisa. Shosho alisoma madarasa machache tu. Jarida lilikuwa likisomwa kwa sauti jikoni, mmoja anasoma, wengine wanamenya viazi.

Shajara ile ya kizuizini ilitoka kama kitabu mwaka 1983, Mwandĩki wa Mau Mau Ithamĩrio-inĩ. Mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma, iliyotolewa kwa vitabu bora vilivyochapishwa Afrika, ikigawana ushindi na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Kitabu cha Kikuyu, cha mwandishi wa Karatina. Gakaara alifariki mwaka 2001. Naomba vijana wanaoshukia stendi ya Karatina waambiwe habari hii, maana wengi wao hudhani kwamba mwandishi ni mtu aliyekufa zamani huko Ulaya.

Wala si yeye peke yake. Meja Mwangi alizaliwa Nanyuki mwaka 1948, na kitabu chake The Mzungu Boy kinamfuata kijana Kariuki na urafiki wake na Nigel, mjukuu wa mzungu mwenye shamba, nyakati za Mau Mau. Mtoto wa Naro Moru akikisoma anautambua ule msitu na ile baridi ya asubuhi. Micere Githae Mugo alizaliwa Kirinyaga. Na hata tukitaka waandishi wa ng'ambo, wawili wamezikwa Nyeri mjini, katika makaburi ya Kanisa la St Peter: Robert Baden-Powell, aliyeandika Scouting for Boys mwaka 1908, na Jim Corbett, ambaye Man-Eaters of Kumaon, kitabu chake kuhusu simbamarara wala watu wa India, kilitoka mwaka 1944. Watalii huja kuyaona makaburi hayo. Ningependa kuona walimu wakiwapeleka wanafunzi wao pale, kila mmoja na kitabu mkononi.

"Kitabu ni ghali." Kweli.

Hapa sina ubishi na mzazi yeyote. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu ushuru wa asilimia 16. Maana yake ni kwamba ukinunua kitabu cha shilingi 580, shilingi 80 umeipa serikali. Mama anayechuma majani chai akifika dukani na orodha ya vitabu vya shule, riwaya ndiyo inayofutwa kwanza, na siwezi kumlaumu.

Maktaba ndiyo ingekuwa jibu. Huduma ya Maktaba za Taifa iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na ikafungua tawi Nyeri mjini. Tena Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Lakini kijana wa Mukurwe-ini au Chinga hafiki Nyeri mjini kwa miguu. Nauli ya kwenda na kurudi inatosha kununua kitabu cha mitumba, kwa hiyo anakwenda kwa muuza mitumba, pale chini kwenye turubai, anachagua kati ya vitabu vya mapishi vya Marekani, ensaiklopidia za zamani na riwaya zilizopoteza majalada. Muuzaji hukadiria bei kwa kukipima kitabu mkononi, kinene bei ya juu, chembamba bei ya chini. Nimeshaona vitabu vikubwa vya fasihi ya dunia vikiuzwa rahisi kwa sababu ya wembamba wao, na mara moja nilirudi nyumbani na vitatu.

Kaunti zetu zinaweza kufanya zaidi ya hapa. Gari moja lenye rafu, likipita Othaya, Mukurwe-ini, Karatina na Naro Moru kwa zamu siku za soko, lingewafikia watoto ambao hawajawahi kukanyaga maktaba.

"Akiwa na simu hasomi." Nusu kweli.

Binamu ya mpwa wangu, kijana wa miaka 17 wa Nanyuki, husoma hadithi za mtandao wa Wattpad chini ya blanketi hadi saa sita za usiku. Sura mpya ikichelewa hukasirika kama mtu aliyeachwa na gari. Kumwambia huyo kwamba hasomi ni kumkosea haki.

Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake, Wahispania pamoja na Mwisraeli mmoja, waliunganisha matokeo ya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waligundua kwamba kwa jumla watu huelewa vizuri zaidi wakisoma kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa wakiwa wamebanwa na muda, na hasa maandishi ya maelezo na maarifa. Kwenye hadithi tupu hawakuona tofauti. Ushauri wangu kwa wazazi ni rahisi basi: noti za Jiografia ziwe kwenye karatasi, hadithi ya Wattpad muiache palepale kwenye simu. Nusu iliyo kweli ni kwamba simu haikai kimya. Ujumbe unaingia, video inaita, na aya inakatika katikati. Tena PDF za riwaya zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ni jasho la mwandishi linalochukuliwa bure. Hilo nimemweleza yule kijana, naye hakupenda kulisikia.

"Mpenda vitabu hukaa peke yake." Si kweli.

Shule zilipofunguliwa mpwa wangu alirudi na riwaya yake, akaiandikisha kwenye daftari lile. Ilizunguka muhula mzima. Alipokuja nyumbani Novemba alinionyesha kilichompata. Msichana wa bweni la pili hakuupenda mwanzo alioandika. Aliona mhusika mkuu amefanywa mpole mno. Basi akaandika wa kwake, kurasa tisa, akaugandisha juu kwa uji wa asubuhi kwa kuwa gundi iliwaishia. Sasa kitabu kina mianzo miwili, kimevimba upande mmoja hata hakifungi sawasawa, na kwenye daftari kuna majina sita yanayokisubiri.

Nilimwuliza kama alikasirika.

"Kidogo," akasema. "Lakini wake una mvua. Wangu nilisahau kuweka mvua."