Trappe: Ukoo wa Kijerumani uliotia mizizi chini ya Mlima Meru

Katika Gusii, Wajerumani waliingia kwa mlango wa vita. Septemba 1914 kikosi kilichoongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka mpaka na kuuteka mji wa Kisii, na tarehe 12 mwezi huo kikapambana na askari wa Kings African Rifles kabla ya pande zote mbili kurudi nyuma. Wenyeji waliojitwalia mali katika mji ulioachwa wazi waliadhibiwa baadaye na Waingereza kwa kunyang'anywa ng'ombe. Kwa hiyo mzee wa Itumbe akisimuliwa habari za Mjerumani, huenda akamwaza mtu mwenye bunduki.

Lakini ng'ambo ya mpaka huo walikuwako Wajerumani wa aina nyingine: waliokuja na wake zao, jembe na mbegu, wakikusudia kuzikwa huko huko. Historia ya familia ya Ulrich na Margarete Trappe inatuonyesha jinsi walivyopata ardhi, walivyoipoteza, na yaliyowapata wenyeji waliokuwapo kabla yao.

Margarete alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Silesia, ambalo sehemu yake kubwa leo imo nchini Poland. Alikulia shambani, na farasi na bunduki hakuvifunzwa ukubwani. Mwaka 1907, akiwa ameolewa karibuni na Ulrich, waliwasili katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakaelekea mlima Meru. (Mwaka huo huo, upande wetu, serikali ya Uingereza ilikuwa ikijenga kituo chake Kisii, mwezi Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki afisa wake, Northcote.)

Hawakuwa walowezi pekee. Makaburu kutoka Afrika Kusini walikuwa wamefika, pamoja na watu wa asili ya Kijerumani ambao mababu zao walikuwa wamehamia Urusi. Serikali ya koloni iliwahesabu hao wa Urusi kuwa wakulima waliozoea shida, ikawapa mashamba karibu na mto Usa. Wengi walikuwa maskini, na baadhi yao hawakudumu. Trappe walikuwa na mtaji zaidi. Wao walijenga maskani Momella, penye maziwa madogo, upande wa mashariki wa Meru, wakafuga na kulima.

Hapa yafaa kuuliza: ardhi hiyo ilipatikanaje? Mwaka 1896 wamishonari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa katika nchi ya Wameru. Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani alijibu kwa misafara ya adhabu iliyoua watu na kuchukua mifugo mingi. Boma la Arusha lilipokamilika mwaka 1900, mashamba ya walowezi yakaanza kuuzunguka mlima, hata Wameru na Waarusha wakabanwa kati ya msitu wa serikali juu na mashamba ya Wazungu chini. Trappe hawakuongoza misafara hiyo, ila walikuta njia imekwisha kufyekwa. Simulizi nyingi za Kizungu juu ya familia hii hulipita jambo hilo haraka mno.

Vita vilipozuka mwaka 1914 Ulrich alijiunga na jeshi la von Lettow-Vorbeck, na mkewe akabaki na shamba. Waingereza waliitwaa Arusha mwaka 1916. Baada ya vita Wajerumani walifukuzwa nchini, na mashamba yao yakashikwa na serikali kama mali ya adui na kuuzwa. Waliokuja kwa nguvu ya dola waliondolewa kwa nguvu ya dola nyingine. Wameru hawakurudishiwa ardhi hiyo bure. Baadhi ya mashamba iliwabidi wayanunue.

Mwaka 1925 Tanganyika iliwafungulia Wajerumani mlango tena, na familia ya Trappe ikarejea Momella. Jina la Margarete lilivuma sasa kwa uwindaji. Aliwaongoza wageni matajiri porini, na mara nyingi hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuifanya kazi hiyo kwa kulipwa. Majirani, Wamaasai miongoni mwao, walimfahamu kwa kutibu wagonjwa.

Mwezi Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, jirani na Momella, ili kuwapa nafasi wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Kirilo Japhet akatumwa New York, na mwaka 1952 akawasilisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Kesi haikuwarudishia ardhi wakati huo, lakini ilitangaza madhila ya Tanganyika duniani na kuwaamsha wengi kisiasa, miaka miwili kabla ya TANU kuundwa.

Margarete Trappe alifariki mwaka 1957, akazikwa Momella. Husimuliwa kwamba tembo walikusanyika karibu na nyumba siku hiyo. Msomaji ataamua mwenyewe. Mwaka huo huo kitabu juu ya maisha yake kilichapishwa Ujerumani, na mwaka 2007 televisheni ya huko ikaonyesha filamu juu yake.

Shamba lenyewe halikubaki mikononi mwa ukoo. Filamu ya Hatari!, aliyoigiza John Wayne na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa sehemu yake hapo, na mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger akavutiwa hata akanunua ardhi huko Momella na kuishi hapo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1960 ilikuwa imeanzishwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Maziwa ya Momella yakaingizwa humo, na mwaka 1967 mlima Meru ukaongezwa, hifadhi ikaitwa Arusha. Leo watalii huingia kwa kulipa kiingilio kutazama korongo wa maji kando ya maziwa hayo, na Wameru wa Ngare Nanyuki hulima nje ya mpaka wake.